Maziwa ya njia ya pili: jinsi ninavyounganisha iterata za Lua na msimbo wa C

Mtu akiniletea maktaba ya lugha ya C (mkusanyiko wa funksheni zilizo tayari kuitwa) na kuniambia anataka skripti za Lua au Python ziisome kwa kitanzi cha kawaida, yaani kupitia iterata, kitu kinachotoa data kimoja kimoja, huwa namuuliza kwanza: maktaba yako inanijulishaje kwamba data imekwisha? Kasi na ukubwa wa kumbukumbu tutavizungumza baadaye. Kutoa kipengee kinachofuata ni kazi nyepesi, hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza pale Maseno ataiandika kabla ya chakula cha mchana. Ugumu uko pale kipengee kinapokosekana, na pale mwenye kitanzi anapoamua kuondoka katikati.

Mimi huandika programu za mizani ya kielektroniki hapa Kisumu. Wateja wetu wengi ni vyama vya ushirika vya maziwa, kuanzia Vihiga hadi kule juu Nandi. Alfajiri bodaboda zinafika na madebe, karani anaingiza namba ya mkulima, anapima, na mizani inaandika rekodi moja kwenye kadi ya kumbukumbu: namba ya mkulima, namba ya njia ya kukusanyia maziwa, gramu, saa, na mwishoni namba ya uhakiki. Kila rekodi ina baiti 32, na ukurasa wa kadi una baiti 4096, kwa hiyo rekodi 128 hukaa katika ukurasa mmoja. Sehemu inayozungumza na kadi imeandikwa kwa C. Kanuni za chama, yaani bei, makato ya usafiri na akiba, zimeandikwa kwa Lua, kwa sababu kila chama kina zake na mkutano mkuu unaweza kuzibadilisha kesho. Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, na tangu mwanzo ilikusudiwa kupachikwa ndani ya programu nyingine, hivyo inaenea vizuri kwenye kifaa kidogo kama mizani. Ofisini, mhasibu anasoma faili zile zile kwa Python.

Kabla ya kuandika maktaba yetu wenyewe, tulikuwa tunatumia ile iliyokuja na mizani. Funksheni yake ya kusoma ilirudisha pointa ya rekodi (anwani yake kwenye kumbukumbu), na rekodi zikiisha ilirudisha NULL, yaani pointa tupu. Kadi ikisomeka vibaya, ilirudisha NULL vilevile. Asubuhi moja stima ilipotea wakati mizani inaandika, na ukurasa mmoja ukaharibika katikati ya faili. Mwisho wa mwezi ripoti ilichapishwa bila onyo lolote, ina jumla, ina tarehe, inapendeza. Kitanzi kilikuwa kimefika kwenye ukurasa ulioharibika, kikaona NULL, kikadhani kimemaliza. Wakulima wote wa njia ya pili waliopimiwa baada ya hapo walikuwa wamepotea kwenye ripoti.

Karani alinipigia simu: "Dada, hii mashine inakula maziwa ya watu." Nilipofika nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi na daftari lake la mkono, kilo za kila asubuhi zimeandikwa kwa penseli. Daftari lake lilikuwa sahihi. Zile kilo zilikuwa bado zipo kwenye kadi, nzima kabisa, kurasa chache mbele ya ule mbovu. Hakuna aliyeziiba. Ni funksheni tu iliyokuwa na jibu moja kwa maswali mawili.

Ubaya huu ni wa kale katika C na umeandikwa hadi kwenye vitu tunavyovitumia kila siku. `fgetc`, inayosoma herufi moja ya faili, inarudisha EOF (alama ya mwisho wa faili) faili ikiisha, na inarudisha EOF hiyo hiyo kusoma kukishindikana. Ukitaka kujua ni lipi, uulize `feof` au `ferror`. `readdir`, inayosoma orodha ya faili za folda, inarudisha NULL folda ikiisha na NULL ikikosea, na njia pekee ya kutofautisha ni kuweka `errno` (mahali ambapo C huandika namba ya kosa) iwe sifuri kabla ya kuita kisha kuichungulia baadaye. Python nayo iliurithi. Iterata ziliingia rasmi katika Python 2.2, mwaka 2001, kupitia pendekezo la PEP 234, na upande wa C ukapewa `PyIter_Next`: inakupa kitu kinachofuata, au NULL. NULL ikija unapaswa kuita `PyErr_Occurred` ili ujue kama kitanzi kimekwisha salama au kuna kosa linalosubiri. Anayesahau mstari huo anapata programu inayofanya kazi vizuri siku zote isipokuwa siku ya shida. Nimefurahi sana kwamba Python 3.14, iliyotoka mwaka 2025, imeleta `PyIter_NextItem`, ambayo inarudisha 1 kama kitu kipo, 0 kama vimekwisha, na -1 kama kuna kosa, na kitu chenyewe kinakuja kwa pointa ya pembeni. Ilichukua zaidi ya miaka 20, lakini ndiyo hiyo.

SQLite, maktaba ya hifadhidata iliyoandikwa kwa C, ilikuwa imeshalitatua hilo. `sqlite3_step`, inayosogea mstari mmoja wa majibu, inarudisha SQLITE_ROW, ambayo ni 100, pakiwa na mstari. SQLITE_DONE, ambayo ni 101, mistari ikiisha. Na namba nyingine yoyote ni taarifa kwamba kuna jambo limeharibika au limezuiwa. Anayeanza leo kubuni kiungo cha kupitia data kwa C, ningemshauri aisome ile kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kichwa cha maktaba yetu, yaani orodha ya funksheni zake, ni kifupi:

```c
enum { MZ_KOSA = -1, MZ_MWISHO = 0, MZ_IPO = 1 };

mz_kidole *mz_fungua(const char *faili);
int        mz_fuata(mz_kidole *k, mz_rekodi *r);
int        mz_ruka(mz_kidole *k);
void       mz_funga(mz_kidole *k);
```

Kidole ni kama cha karani juu ya daftari: kinaonyesha mstari uliofikiwa, na hakisogei mpaka ukisogeze mwenyewe. `mz_fuata` ina majibu matatu na kila jibu lina namba yake. Ikisema MZ_MWISHO, basi ukiita tena hata mara elfu itasema MZ_MWISHO. Python inadai jambo hilo hilo kwa iterata zake: ikishatangaza mwisho, iendelee kutangaza mwisho, na isiyofanya hivyo inahesabiwa kuwa mbovu. Ikisema MZ_KOSA, kidole kinabaki palepale penye ubovu na kila ukiita kitasema MZ_KOSA. Ukitaka kuuruka ukurasa ulioharibika, unaita `mz_ruka`, na hilo ni tendo lako wewe mwandishi wa skripti, umelifanya kwa jina lake, na ripoti inaweza kuandika kwamba ukurasa fulani haukusomeka. Mwenzangu ofisini alitaka kuruka kuwe kwa moja kwa moja ili kazi isikwame asubuhi. Nilikataa na bado nakataa. Zile ni pesa za karo na za dawa za ng'ombe. Mashine haina ruhusa ya kuamua peke yake kwamba rekodi 128 hazina maana.

Rekodi yenyewe inanakiliwa kwenye nafasi aliyoitoa mwitaji. Ningeweza kurudisha pointa inayoelekea ndani ya bafa ya ukurasa (nafasi ya muda kwenye kumbukumbu), na hapo ningeokoa kunakili baiti 32. Lakini pointa ya namna hiyo huishi mpaka hatua inayofuata tu. Ndivyo ilivyo kwa `sqlite3_column_text`: maandishi unayopewa yanaweza kutoweka ukishaita `sqlite3_step` tena. Kwa mtu wa C hilo ni sharti analoweza kulisoma na kulifuata. Kwa mtu wa Lua, ambaye anatumbukiza chochote kwenye jedwali na kwenda zake, halina maana yoyote, na kosa lake litatokea mbali na mahali lilipoanzia. Baiti 32 ni bei ndogo. Rekodi ingekuwa picha ya kilobaiti mia kadhaa, ningefikiri upya.

Sasa niseme kwa nini ni kidole wala si kolbaki. Kuna namna mbili za kupitia data. Ya kwanza, mwitaji ndiye anayeshika usukani na anaomba kimoja kimoja. Ya pili, maktaba ndiyo inayoshika usukani, na wewe unaikabidhi funksheni ya kuitwa kwa kila kipengee, na funksheni hiyo ndiyo kolbaki. SQLite ina zote mbili, maana `sqlite3_exec` inafanya kazi kwa kolbaki. Kuiandika ya pili juu ya ya kwanza ni mistari mitatu: kitanzi kinachoita `mz_fuata` na kuita funksheni uliyopewa. Kwenda upande wa pili ni taabu. Kama maktaba inakusukumia data nawe unataka kuomba kimoja kimoja, itabidi ukusanye vyote kwenye kumbukumbu kwanza, au uanzishe uzi wa pili (mkondo mwingine wa kazi unaokwenda sambamba), au utumie korutini, kazi inayoweza kusimama na kuendelea baadaye, ya kusimamisha C katikati. Lugha ya Ruby inaishi hivyo: `each` inasukuma, na ukitaka `next` ya nje, Enumerator, iterata yake, inalazimika kutumia Fiber, korutini yake, ndani yake. Ruby inaweza kubeba mzigo huo. Mizani haiwezi.

Na kolbaki ina shida nyingine inapokutana na Lua. Lua iliyokompailiwa kama C ikipata kosa hutumia `longjmp`: inaruka kutoka pale ilipo hadi kwenye `lua_pcall` (wito unaonasa makosa) ya karibu, na kila funksheni ya C iliyokuwa katikati inakatwa bila kuagwa. Kama maktaba yako ilikuwa imefungua kadi, imeshika kufuli la kuzuia wengine wasiiguse, kisha ikaita kolbaki iliyomo Lua, na mwandishi wa skripti akajumlisha namba na nil (thamani ya Lua ya "hakuna kitu"), basi kufuli hilo halifunguliwi tena. Unaweza kuizunguka kolbaki kwa `lua_pcall` na kubeba kosa mkononi mpaka nje, na watu hufanya hivyo. Mimi naona ni afadhali C isiwe katikati kabisa. Lua inaita hatua moja, C inamaliza hatua hiyo na kurudi, hakuna kinachobaki kimeshikwa.

Ukilazimika kutumia kolbaki, angalau ipe kigezo cha pembeni cha aina ya `void *`, yaani pointa ya kitu chochote. `qsort` ya C, inayopanga orodha, haina, na ndiyo maana huwezi kuipa funksheni ya kulinganisha iliyoandikwa kwa Lua bila kuificha `lua_State` (hali nzima ya Lua inayoendesha) kwenye kigezo cha programu nzima.

Upande wa Lua, `for` ya jumla inaomba funksheni, hali, na thamani ya kuanzia. Kila mzunguko inaita funksheni hiyo kwa hali na thamani iliyopita, na jibu la kwanza likiwa nil, kitanzi kinaisha. Basi. Ni ubunifu mzuri mno, lakini una sharti moja ambalo mtu wa C anaweza kulipita bila kuliona: nil ndiyo mwisho, kwa hiyo jibu la kwanza haliwezi kuwa kitu ambacho siku moja kitakuwa nil. Nilipochora kiungo hiki mara ya kwanza kwenye karatasi, jambo la kawaida lingekuwa kutoa namba ya mkulima kwanza. Ila kuna asubuhi karani anapima kabla hajaingiza namba, foleni ni ndefu, watu wanapiga kelele, na rekodi inaandikwa bila mkulima. Kwa Lua, rekodi hiyo inapaswa kuonyesha nil mahali pa mkulima, kwa kuwa ndiyo kweli yenyewe. Ingekuwa jibu la kwanza, kitanzi kingefungwa palepale, na tungerudi kwenye maziwa ya njia ya pili. Kwa hiyo jibu la kwanza ni nafasi ya rekodi ndani ya faili, ambayo haikosi kamwe:

```lua
for n, mkulima, gramu in mizani.rekodi("asubuhi.mz") do
  if mkulima then
    ongeza(mkulima, gramu)
  else
    weka_kando(n, gramu)
  end
end
```

Tafsiri ya majibu matatu ni ya moja kwa moja. MZ_IPO inasukuma thamani kwenye staki ya Lua (rundo ambapo C na Lua hupeana thamani), MZ_MWISHO inasukuma nil, MZ_KOSA inaita `luaL_error` ikiwa na jina la faili na namba ya ukurasa. Kuna maktaba za Lua zinazorudisha nil pamoja na ujumbe wa kosa, na kwa funksheni ya kawaida huo ni utaratibu mzuri. Ndani ya `for` ni hatari, kwa sababu kitanzi kikiona nil kinafunga na ujumbe unatupwa bila kusomwa na yeyote.

Kuondoka katikati ndiko kulikonishikilia zaidi. Mwandishi wa skripti akitafuta rekodi moja tu, ataipata na kuandika `break`. Funksheni yangu ya hatua haitaitwa tena, kwa hiyo haitajua kwamba kazi imekwisha, na kidole kitabaki wazi. Kwa muda mrefu jibu la Lua lilikuwa mzoa taka, anayefuta vitu visivyotumika tena: weka kidole ndani ya yuzadata (kifuko cha Lua cha kubebea kitu cha C), ipe `__gc` (funksheni inayoitwa kinapofutwa), na siku moja kitafungwa. Siku gani? Mzoa taka anahesabu kumbukumbu anazoziona. Yuzadata yangu ni pointa moja, baiti chache. Hajui kwamba nyuma yake kuna faili iliyofunguliwa na bafa ya baiti 4096 niliyoiomba kwa `malloc` ya C, nje ya Lua. Hana haraka. Kwenye kifaa kinachoruhusu faili chache tu kwa wakati mmoja, skripti yenye `break` ndani ya kitanzi kingine inaishiwa na faili huku kumbukumbu ya Lua ikiwa bado ina nafasi tele.

Lua 5.4, iliyotoka mwaka 2020, iliongeza thamani ya nne kwenye `for`: kitu cha kufungwa. Kitanzi kikitoka kwa njia yoyote, iwe mwisho wa kawaida, `break`, `return` au kosa, Lua inaita `__close` ya kitu hicho papo hapo. `io.lines` yenyewe sasa inarudisha thamani nne, na ya nne ni faili. Nami nimefanya hivyo: `mizani.rekodi` inarudisha funksheni ya hatua, kidole, nil, na kidole tena. Hii peke yake ilinitosha kuhamisha mizani zote kutoka 5.3. `__gc` nimeiacha iwepo pia, kwa yule anayeita iterata kwa mkono bila `for`. Zote mbili zinaishia kwenye funksheni moja inayofunga na kuweka pointa iwe NULL, na hatua inaangalia NULL hiyo kabla ya kufanya lolote. Mtu akiihifadhi funksheni ya hatua na kuiita baada ya kitanzi kufungwa anapata ujumbe wa kosa unaosomeka, mizani haizimiki.

Mpangilio wa kufungua una umuhimu kuliko unavyoonekana. Kwanza unatengeneza yuzadata, ndani yake unaweka NULL, unaivika jedwali-meta lake (lenye `__gc` na `__close`), na hapo ndipo unaita `mz_fungua`. Ukigeuza, ukafungua faili kwanza kisha ukaiomba Lua nafasi ya yuzadata, Lua inaweza kukosa kumbukumbu na kuruka kwa `longjmp` huku pointa ya faili iko kwenye kigezo cha C ambacho hakuna atakayekiona tena. Kanuni ninayojipa: kabla ya kushika kitu chochote cha nje, hakikisha kuna kitu cha Lua kilicho tayari kukipokea.

Nusu ya pili ya kazi ni mwelekeo wa kinyume, C inapotaka kupita juu ya kitu cha Lua. Printa ya risiti inaendeshwa na C, na skripti inaikabidhi orodha ya mistari ya kuchapisha. Wengi hukimbilia `lua_next`, inayopitia jedwali ufunguo mmoja mmoja, na kwa jedwali la kawaida inatosha. Ina miiba miwili. Usiite `lua_tolstring`, inayotoa thamani kama maandishi, juu ya ufunguo kama huna hakika ni maandishi, kwa sababu ufunguo ukiwa namba utageuzwa kuwa maandishi palepale kwenye staki, na `lua_next` inayofuata haitajua ilipofikia. Pia, usiongeze ufunguo mpya kwenye jedwali unalolipitia. Kubadilisha thamani iliyopo au kuifuta kwa nil ni ruhusa. Lakini shida kubwa ni kwamba `lua_next` inajua majedwali ghafi tu. Haijali `__pairs`, inayokiruhusu kitu kijiamulie namna ya kupitiwa, ambayo ipo tangu Lua 5.2, wala haiwezi kupita juu ya iterata ya funksheni. Mwandishi wa skripti akiwa na mistari inayotokana na `mizani.rekodi`, atalazimika kuimimina yote kwenye jedwali kwanza ndipo aikabidhi kwa printa.

Kwa hiyo toleo la kwanza la printa yetu lilipokea vitu vile vile ambavyo `for` inavipokea. Ndani ya C niliweka funksheni, hali na thamani ya udhibiti kwenye staki, na kila mzunguko nilisukuma nakala za vyote vitatu, nikaita, nikaangalia jibu la kwanza kama ni nil, nikalihifadhi kuwa thamani mpya ya udhibiti, kisha nikasafisha staki irudi kimo chake. Kusafisha huko ni lazima. Lua inakuahidi nafasi 20 tu za staki unapoingia kwenye funksheni ya C, na kitanzi kinachoacha thamani moja kila mzunguko kitapita hapo kabla risiti haijafika nusu.

Tatizo lililonichukulia jioni nyingi ni korutini. Programu ya mizani inaendesha kazi kadhaa kwa zamu: kupima, kuchapisha, kutuma ujumbe wa simu kwa mkulima. Kila kazi ni korutini. Sasa printa ya C inaita iterata ya Lua, na iterata hiyo inataka kuachia zamu ikisubiri kadi isomwe. Lua inakataa: "attempt to yield across a C-call boundary". Ina haki ya kukataa, kwa sababu katikati kuna funksheni ya C yenye staki yake halisi, na Lua haina namna ya kuikunja na kuiweka kando. Tangu 5.2 kuna `lua_callk`: unaiita pamoja na funksheni ya kuendeleza, na zamu ikirudi Lua inaita hiyo badala ya kurejea pale ulipokuwa. Inafanya kazi, ila inabidi kitanzi chako kisitegemee kigezo chochote cha C kilichoishi kabla ya wito. Kila kitu kikae kwenye staki ya Lua au kwenye muktadha mnaopeana. Nilikiandika, kikaenda, kisha nikakaa nikakitazama na kuamua kukitoa. Kitanzi cha printa sasa kimeandikwa kwa Lua, mistari michache, na C imebaki na funksheni moja ya kuchapisha mstari mmoja. Pale ambapo kitanzi kinahitaji kusimama na kuendelea, mahali pake ni kwenye lugha inayojua kusimama na kuendelea.

Python nitaipitia haraka kwa sababu inakaa vizuri juu ya majibu matatu. Katika `tp_iternext`, funksheni ya C ambayo Python huiita kupata kinachofuata, MZ_IPO inarudisha kitu kipya, MZ_MWISHO inarudisha NULL bila kosa lolote, MZ_KOSA inaweka kosa kisha inarudisha NULL. Huhitaji kuweka StopIteration, ishara ya Python ya mwisho, mwenyewe. `for` ya Python haifungi iterata yako kwenye `break`. Kwa CPython, ile Python ya kawaida, hesabu ya marejeo (kufuta kitu mara tu hakuna anayekishikilia) huenda ikakuokoa, lakini mtu akiwa ameishikilia iterata kwenye kigezo haitakuokoa, basi tumempa mhasibu `with`, inayofunga kidole mtu akitoka ndani yake. Wakati wa kusoma kadi tunaachia GIL, kufuli kuu la Python, ili nyuzi nyingine ziendelee, na ukishaiachia, nyuzi mbili zinaweza kukigusa kidole kimoja, kwa hiyo kidole upande wa Python kina kufuli lake.

Limebaki la faili inayokua. Karani anaweza kuomba jumla ya asubuhi huku foleni bado ipo na mizani inaendelea kuandika. Kitanzi kione rekodi mpya au kisizione? Python ikigundua kamusi imebadilika ukubwa katikati ya kitanzi inarusha RuntimeError, na kwa kamusi hilo ni sawa. Kwangu lingemzuia karani kufanya kazi halali kabisa. Tumechagua hivi: `mz_fungua` inasoma idadi ya rekodi zilizokamilika wakati huo, na kidole hakivuki hapo. Jumla anayoipata karani ni ya saa aliyoiomba, na risiti inaandika saa hiyo. Hili nililiuliza pia kwa makarani wa vyama viwili kabla ya kuliandika, na wote walitaka hivyo, kwa sababu wanailinganisha na madebe yaliyokwisha kumwagwa kwenye tangi.

Majaribio yetu yanafanywa kwa kuharibu. Kuna faili zenye ukurasa uliokatwa mwanzoni, katikati na mwisho, faili tupu, na faili yenye rekodi 128 kamili ili mwisho wa data uangukie mwisho wa ukurasa. Kwa kumbukumbu, `lua_newstate` inakubali funksheni yako mwenyewe ya kugawa, kwa hiyo naipa inayokataa ombi la kwanza, naendesha skripti yote, naangalia kama kila kidole kimefungwa. Kisha naipa inayokataa la pili, la tatu, mpaka skripti imalize bila kukataliwa. Ikishakataa inapaswa iendelee kukataa, maana Lua ikinyimwa huita mzoa taka kisha hujaribu tena, na ukiipa mara ya pili hutakuwa umejaribu chochote. Jaribio hili linachukua dakika kadhaa kwenye kompyuta yangu, na hakuna toleo linalopakiwa kwenye mizani kabla halijapita.